Kupalia Moto wa Mapinga

Jina la Adila binti Abdullatif liliingia kwenye fomu ya serikali siku ya Jumatatu, kwa wino wa bluu, na aliyeliandika ni meneja wake, Bwana Ziyad, huku akitabasamu kama mtu anayekabidhi zawadi. Kwenye mstari uliosema "Mwendeshaji mwenye dhamana ya boila" angeweza kuandika jina lake mwenyewe. Lakini Bwana Ziyad ni mtu mkarimu, hasa wakati wa kugawa lawama ambazo bado ziko njiani.

"Heshima hiyo, Adila," alisema. "Mwanamke wa kwanza hapa."

Adila alisoma maandishi madogo ya chini. Mtambo ukishindwa mara ya tatu kwenye kipimo cha gesi, boila inapigwa lakiri, na mwenye dhamana ananyang'anywa cheti cha kuendesha boila. Mara mbili za kwanza zilikuwa zimeshapita, na mtambo ulianguka zote mbili. Ya tatu ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi.

Cheti hicho Adila alikipata kwa shida. Baba yake, Abdullatif, ana duka la vitambaa Bagamoyo mjini, kama baba yake alivyokuwa nalo, na babu yake, na huko nyuma mpaka Omani kwa wale wanaopenda kuhesabu. Adila alianza kupima vitambaa akiwa na miaka tisa. Alijifunza mapema kwamba mteja anayesema "naangalia tu" ndiye atakayekufungulisha majora kumi na mawili na kuondoka na uzi. Alipofika miaka kumi na tisa alisema anakwenda chuo cha ufundi kusomea boila. Mama yake, Bi Miza, alilia siku tatu; ya nne akauliza kama hiyo boila inawekewa uzio. Baba hakulia. Mpaka leo akiulizwa binti yake anafanya kazi gani, anajibu, "Yuko kwenye umeme," kwa sauti ya mtu ambaye binti yake anauza balbu.

Na chumba cha nyuma ya duka, chenye dirisha moja na meza ya kukatia, kilikuwa bado kinamsubiri. Baba alikuwa hajakipangisha. Alisema atakipangisha "tukishajua."

Mtambo wenyewe upo Mapinga, nyuma ya viwanja vya makazi. Ni mtambo mdogo wa umeme, unachoma vifuu na makumbi ya nazi. Vifuu vinaingia tanurini, maji ya boila yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha turbini, taa zinawaka. Jambo jema kabisa, ila kwa moshi, na kwa kile ambacho si moshi.

Kile ambacho si moshi ndicho kilichomleta mkaguzi. Hewa tunayovuta, sehemu kubwa yake ni nitrojeni, gesi mvivu isiyojishughulisha na mtu. Lakini kifuu cha nazi kinawaka kwa hasira, na moto ukizidi ukali, hata mvivu huyo anaamka, anaoana na oksijeni, na watoto wao wanatoka juu ya dohani bila rangi wala adabu. Kitabu kinawaita oksidi za nitrojeni. Mafundi wanasema noksi, basi. Haionekani, ila inawasha macho, inabana vifua, na mchana wa jua kali inatia utando wa kahawia juu ya nyumba za watu waliokimbia Dar kuja kujenga Mapinga kwa ajili ya hewa safi.

Dawa yake ni yurea. Ndiyo, hiyo hiyo ya shambani. Inakorogwa na maji, inapuliziwa juu ya moto, na noksi inavunjika. Mwezi uliopita mzima Adila alikuwa anafanya mazoezi, na kwa yurea namba ya noksi kwenye kioo ilikuwa inakaa mia mbili na kumi. Mwisho unaoruhusiwa ni mia tatu. Wiki mbili za mwisho ilifungwa, mifuko arobaini iliyobaki ikawekwa stoo kungojea kipimo.

Jumatano hiyo, saa tatu kasoro dakika kumi, namba ilikuwa mia nne na tano.

Adila aligonga kioo kwa kidole, kama watu wote wanavyofanya, wasomi na wasio wasomi. Mia nne na saba. Pampu inanguruma. Geji ya tangi imejaa. Midomo ya kupulizia iko wazi. Alishuka ngazi mbio, akafungua kifuniko cha tangi, akainama kunusa. Yurea iliyokorogwa ina kaharufu kake, kama choo kilichooshwa vizuri lakini hakikusahau. Tangi halikunuka chochote. Alichovya kidole, akalamba. Kitu ambacho kitabu kinakataza.

Akaenda stoo.

"Shikamoo, mzee Msabaha."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Baba hajambo? Mama?"

"Hawajambo wote. Mzee, tangi la yurea lina nini?"

"Maji," alijibu Msabaha, mtunza stoo, bila kupepesa jicho. Alikuwa anafunga kilemba chake upya. "Ya bomba. Ya kisima yana chumvi, yangewaharibia pampu."

Adila alishika fremu ya mlango. "Mifuko arobaini ya yurea iko wapi?"

"Shambani. Mbolea inakaa wapi, mwanangu?"

"Umeuza?"

"Astaghfirullahi! Hata punje. Nimegawa. Thelathini Makurunge, kumi Ubena kwa wajane." Alisimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Mimi nimewaona kwa macho yangu mnaikoroga mbolea mnaipuliza motoni. Motoni, Adila! Mvua zimeshika, mahindi ya watu yana rangi ya mgonjwa wa ini, na nyinyi mnachoma mbolea. Hiyo ni israfu. Siku ya kuulizwa tutaulizwa wote, na mwenye ufunguo wa stoo ataulizwa wa kwanza."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia ungekataa."

"Irudishwe, mzee. Hata mifuko miwili."

Msabaha alimtazama kwa huruma. "Irudi vipi? Imeshamea. Nenda kaangalie mahindi ya Makurunge yalivyo meusi kwa afya."

Hasira ilimjia Adila ikakosa pa kukaa. Mtu kama Msabaha huwezi kumpigia kelele. Ni sawa na kuzozana na mkeka wa kuswalia. Na hata kama duka la pembejeo lingeleta mifuko sasa hivi, kuikoroga na kuichuja ni kazi ya saa tatu. Alikuwa na saa moja.

Ikabaki kupalia.

Mafundi waliofunga mtambo waliacha kitabu kinene chenye mchoro wa vilango vya hewa, vya chini ya moto na vya juu ya moto, na maelezo marefu ya kuigawa hewa kwa hatua. Bwanausi, mlishaji wa tanuri, mwanamume wa miaka hamsini anayepika mwenyewe tangu mkewe alipofariki, alielezwa mchoro ule akasema, "Sasa si kupalia tu huko?" Na kweli. Kila aliyepika wali wa nazi kwa kuni anajua: maji yakishakauka, unautoa moto chini ya chungu, unachota makaa unayapalia juu ya mfuniko. Chini poa, juu moto, wali unaiva bila kuungua. Tanuri nalo ni hivyo hivyo. Unaunyima moto hewa chini, unautia njaa pale ulipo mkali. Hewa iliyobaki unaipa juu, ambako ukali umeshapungua, unamalizia kuungua taratibu. Nitrojeni inaendelea kulala.

Shida ni moja. Moto wenye njaa unatoa moshi. Na Bwana Ziyad alikuwa ameshatangaza, kwa maandishi, kwamba Jumatano hataki kuona moshi.

"Bwanausi!" Adila aliita kutoka juu ya kizimba cha mkanda unaolisha tanuri. "Simamisha vifuu. Nataka makumbi, yale mabichi yaliyonyeshewa."

"Yaliyoloa? Dada Adila, leo siku ya wageni, unataka tufukize mbu?"

"Nataka moto upoe. Tangi lina maji."

Bwanausi alitazama upande wa tangi. Alikuwa na akili ya kutouliza mara mbili. Akachukua uma.

Adila alifunga vilango vya chini robo, kisha nusu. Akafungua vya juu. Kwenye tundu la kuchungulia moto uliacha ule weupe wa kuumiza macho, ukawa wa manjano, ukaanza kuelekea rangi ya chungwa. Mia tatu na sabini. Mia tatu na arobaini. Saa tatu na nusu. Lakini makumbi yaliyoloa yana uzito, mkanda ukaanza kusuasua, na Bwanausi akapiga kelele kwamba yamekwama kooni. Saa nne kasoro dakika tano namba ilikuwa mia mbili na tisini na mbili, na Adila akashuka mwenyewe kusaidia kuyachokonoa, akiwa na matope mpaka viwikoni na mtandio amefunga kichwani kama kuli wa bandarini.

Huku nyuma, gari jeupe likaingia.

Bwana Ziyad alimpokea mkaguzi, Bi Tabia, getini. Alikuwa ameandaa soda, korosho, maua mezani, na hotuba. Bi Tabia alipita vyote kwa salamu moja. Alikuwa mwanamke wa makamo, buibui, kofia ngumu juu ya buibui, viatu vya chuma chini ya buibui, na mkoba wenye kona zilizochakaa. Alipanda mwenyewe ngazi za dohani, akachomeka mrija wa kupimia, akavuta waya mpaka chumba cha kuongozea, akaweka kisanduku chake mezani badala ya maua.

"Kipimo ni dakika thelathini," alisema. "Nachukua wastani. Mtambo ukizimika katikati, kipimo kimekatika, na kilichokatika nakihesabu kimeanguka."

Akabonyeza. Na wakati huo huo Bwana Ziyad akachungulia dirishani, akaona uzi wa moshi wa kijivu ukitoka juu ya dohani.

Mkono wake ulikwenda wenyewe. Ndani ya chumba kile kulikuwa na mipini kumi na minne, na yeye alikuwa anaujua mmoja tu, wa vilango vya chini, kwa kuwa siku ya uzinduzi alipigwa nao picha. Akausukuma mpaka mwisho, vilango vikawa wazi kabisa.

Moshi ukakatika pale pale. Dohani ikawa safi kama ya kwenye kalenda. "Mheshimiwa ataona," alimwambia Bi Tabia, "sisi hapa moshi hatuna."

Bi Tabia hakutazama dirishani. Alitazama kisanduku. Mia tatu na kumi. Mia tatu na tisini. Mia nne na ishirini na nane.

Adila alisikia feni ya tanuri ikibadilisha sauti akiwa bado chini, mkono ndani ya koo la mkanda. Alielewa kabla hajafikiri. Ngazi zilikuwa thelathini na nane. Nyingine alizikanyaga, nyingine hakuziona. Aliingia chumbani anatweta, matope yanadondoka kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi kwa ajili ya wageni. Kisandukuni ilikuwa dakika ya kumi. Wastani: mia tatu tisini na sita.

Alipiga hesabu huku anatembea. Dakika ishirini zimebaki. Wastani wake ingebidi usizidi mia mbili na hamsini na mbili. Kwa maji matupu.

Akaushika mpini na kuurudisha.

"Unafanya nini?" Bwana Ziyad alinong'ona, huku anamtolea Bi Tabia meno. "Utaleta moshi!"

"Naleta."

"Adila, watu wa viwanja wanatazama! Mwenyekiti wao ameshanipigia mara mbili." Simu ikaita ya tatu, mfukoni mwake. Akauweka mkono wake juu ya mkono wa Adila, juu ya mpini, na kusukuma. "Kisichoonekana hakina kesi. Fungua!"

Mpini ukabaki katikati, mikono mitatu juu yake, miwili ya matope na mmoja wa saa ya dhahabu.

"Bosi," alisema Adila, polepole, kama anayemweleza mteja bei kwa mara ya nne. "Kwenye ile fomu ya Jumatatu kuna jina la nani?"

"La kwako."

"Basi toa mkono."

Bwana Ziyad alimtazama Bi Tabia, akakuta Bi Tabia ameshusha miwani na anamtazama yeye, siyo kisanduku. Mkono wa saa ya dhahabu ukaondoka, ukajificha mfukoni pamoja na simu.

Vilango vya chini, nusu. Zaidi ya nusu. Vya juu, wazi kabisa. Adila alipiga simu ya ukutani. "Bwanausi, makumbi tupu. Usiniwekee hata kifuu kimoja."

"Utauzima, dada!"

"Nitakwambia kabla haujazimika."

Moshi ukarudi, siyo uzi tena. Mkia mnene, wa kijivu, ukaegemea upande wa viwanja bila haya. Namba ikaanza kushuka. Mia tatu na sitini. Mia tatu. Mia mbili na sabini. Dakika ya kumi na nne, mia mbili na kumi na tano. Lakini pembeni yake geji ya shinikizo la mvuke nayo ilikuwa inashuka, na hiyo Adila hakuwa ameiomba. Baa thelathini na nne. Thelathini na mbili na nusu. Ikigusa ishirini na nane turbini inajikata yenyewe, bila kumuuliza mtu, na kipimo kimekwisha.

Sasa ikawa kazi ya mpishi aliyeachiwa jungu la harusi na jiko moja. Akiongeza hewa chini, mvuke unapanda na noksi inapanda. Akipunguza, noksi inashuka na mvuke unashuka. Alikwenda kwenye tundu, akatazama rangi. Akarudi kwenye mpini, akaugeuza upana wa kidole. Akarudi kwenye tundu. Jasho lilimchoma macho na hakulifuta, kwa sababu mikono ilikuwa ya matope na mtandio ulikuwa wa matope. Dakika ya kumi na tisa, baa thelathini. Dakika ya ishirini na mbili, ishirini na tisa na nukta tatu.

"Jamani," alisema Bwana Ziyad, hakuna aliyejua anawaambia akina nani.

"Bwanausi, kapu moja la vifuu. Moja. Vitawanye, usirundike."

"Moja!"

Namba ikaruka mia mbili na themanini na moja. Adila akaminya kilango cha chini mpaka moto ukaguna. Ikarudi mia mbili na ishirini. Mvuke ukasita, ukabaki ishirini na tisa na nukta moja, sindano inatetemeka kama inasikia baridi. Dakika tatu. Mbili. Taa za chumbani zilififia, zikakumbuka kazi yao, zikawaka. Simu ya Bwana Ziyad iliita mfukoni mpaka ikachoka.

Kisanduku kikalia.

Bi Tabia alisoma, akaandika, akageuza karatasi ili Adila aone. Mia mbili tisini na sita.

Bwana Ziyad alipiga makofi. Peke yake. "Yurea!" alisema. "Teknolojia ya yurea, mheshimiwa. Tumewekeza sana." Na akalisogeza mbele ya Adila lile karatasi la mwisho ambalo ofisi yake ilikuwa imelichapa tangu jana. *Njia iliyotumika kupunguza gesi wakati wa kipimo: kupuliza yurea.* Chini yake, mahali pa sahihi ya mwenye dhamana.

Kalamu ilikuwa ya bluu tena. Adila aliishika. Akitia sahihi, mambo yamekwisha. Namba imepita, cheti kinabaki ukutani, Bwana Ziyad anafungua soda. Akiandika vingine, mkaguzi ana haki ya kusema kwamba mtambo hauna dawa uliyoahidi, na kipimo kizima ni bure. Na jina ni lake. Alifikiria chumba cha nyuma ya duka, dirisha moja. Halafu akafikiria mwezi ujao, tangi lile lile, fomu nyingine, sahihi yake tena chini ya uongo wa mtu mwingine, na ujao wake.

Akapiga mstari juu ya "kupuliza yurea." Akaandika: *Tangi lilikuwa na maji. Tulipalia.* Akatia sahihi, na tope kidogo likabaki kwenye herufi ya mwisho.

"Adila!" Bwana Ziyad alikaa kwenye kiti kilichokuwa na korosho.

Bi Tabia alisoma mara mbili. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba. Ukatoka na kichupa kidogo cha kioo, kitupu, chenye karatasi ya gundi iliyoandikwa tayari: *sampuli ya tangi.* Akakitazama, akakirudisha mkobani.

"Hii huwa naichukua mwishoni, kila ninapokwenda," alisema. "Leo umenipunguzia ngazi." Akamgeukia Adila. "Ulipalia. Maana yake nini?"

"Hewa chini kidogo, juu nyingi. Kama wali."

"Kwa maji matupu."

"Na makumbi."

Bi Tabia aliandika kwa muda mrefu, kwa mwandiko mdogo, na Adila alisimama akimtazama kama mtu anayetazama daktari akiandika. "Namba imepita," alisema mwishowe. "Cheti chako sikigusi. Boila siipigi lakiri. Lakini moshi ule nao una sheria yake, na nimeuona, hata kama sikutazama dirishani. Mnipe vyote viwili, noksi na moshi, chini ya kipimo, ndani ya siku sitini. Nitakuja bila kusema siku. Na fomu inayofuata," akamtazama Bwana Ziyad, aliyekuwa anajitoa korosho chini yake, "mwenye dhamana ataijaza mwenyewe, kwa mkono wake. Isiyo hivyo siipokei."

"Bila shaka, mheshimiwa," alisema Bwana Ziyad. Kisha, kwa Adila, kwa sauti ya chini ya mtu aliyeumizwa kwelikweli: "Ungesaini tu."

Adila alikuwa ameshaigeukia geji. Sindano ya mvuke ilikuwa imeshuka hadi ishirini na nane na nukta nne, na kule chini moto ulikuwa unakufa kwa njaa aliyoutia mwenyewe. Alinyanyua simu ya ukutani.

"Bwanausi. Rudisha vifuu, polepole, kapu moja moja. Nakuja kuuangalia."